Arusi Niliyoipanga Mapema

Jumatano, 4 Juni
Wenzangu hapa Rubondo huanza na msichana, halafu wanahangaika kutafuta hema. Mimi Astère si mjinga. Nimeanza na hema! Viti themanini vya kanisa, tayari. Mama Apollinarie analoweka mtama wa pombe kesho. Msemaji wa kwenda kuomba mke ni mzee Libère, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Bibi arusi ni Jocelyne, anayeuza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni. Nampenda hadi chakula hakipiti. Bado hajui. Nitamwambia kila kitu kikiwa tayari, asipate pa kukataa.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefika Mbarara, hadi mtaa wa Ruti, kwa Mariette mpika keki. Nimeagiza ghorofa tatu, maandishi ya bluu: ASTÈRE NA JOCELYNE. Akauliza bibi arusi anapenda ladha gani. Nikasema zote. Amenipa chai na andazi, mama wa watu.

Jioni kwa katekista Kabanda. Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, bora tuanze mapema. Akauliza mbona msichana hakuja. Nikamwambia amekauka sauti. Akaandika.

Jumapili, 8 Juni
Yebabawe! Pentekoste, kanisa limejaa pomoni. Kabanda akasoma majina yetu, akauliza kama kawaida: anayejua kizuizi aseme. Mtu akasimama. Jocelyne! Na sauti anayo, tena ya kusikika hadi kisimani! Akasema kizuizi ni yeye mwenyewe. Mimi ananijua kwa ndagala tu, tena huwa nachagua mmoja mmoja. Watu wakacheka. Hata kwaya! Nimetokea mlango wa nyuma.

Jumatatu, 9 Juni
Nimelia. Kweli kabisa, nimelia.

Halafu akaja mzee Libère. Kumbe Jocelyne ana mchumba tangu Noeli! Bienfait, fundi baiskeli! Wamekwama kwa kukosa hema tu. Sasa wanauliza kama langu liko huru. Na Libère ndiye atakayewasemea, eti maneno ameshayakariri. Nimekaa chini.

Jumatano, 11 Juni
Nimewaachia vyote. Roho imeniuma sana. Nikaenda Ruti kubadilisha keki. Mariette hakucheka hata kidogo. Akafuta jina langu taratibu kwenye daftari la oda, akauliza kama nimekula. Hana mume. Nilikuwa wapi siku zote?

Niliporudi nikalikodi hema tena, la Agosti. Kabanda akauliza kama safari hii bibi arusi anajua. Nimemjibu keki haina shida, atapika mwenyewe. Kumwambia? Viti kwanza.