Korongo wa Njia ya Tatu

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mwaka wa nne huu nakata tiketi kwenye lango la hifadhi ya kinamasi. Miaka minne, stuli ile ile! Miguu inaniwasha. Wageni wanaingia na darubini, wanatoka na matope na vicheko, mimi nabaki na vishina vya tiketi. Leo Mkuu wa hifadhi katangaza nafasi ya kiongozi wa wageni. Ataipata atakayelifurahisha kundi la Jumamosi: walimu wastaafu kumi na wawili, wapenzi wa ndege. Nimesimama. Nimekaa. Nimesimama tena. Nafasi hii ni yangu.

Jumatano, tarehe 6
Kumbe shemeji naye anaitaka! Huyu kaka wa mke wangu ni askari wa doria, anazijua njia zote, na hana makuu, jambo linaloniudhi zaidi. Nimemwomba mke wangu amshauri ajitoe. Kanijibu kwamba hamwangushi kaka yake, na nikilipoteza hata hilo lango nisije kumlilia. Nimeondoka bila chai.

Alhamisi, tarehe 7
Bahati! Shemeji kasahau daftari la doria kwenye dirisha langu. Kusoma cha mtu si vizuri, lakini kukiacha wazi nako ni uchokozi. Kaandika: “Njia ya tatu, baada ya daraja la mbao: korongo kubwa. Wageni wasipite.” Ahaa! Kamficha ndege, amwonyeshe yeye peke yake! Na ngeli hajui. Ndege ni kiumbe hai: korongo mkubwa, si kubwa. Nimemsahihishia kwa kalamu nyekundu. Elimu haina mwisho.

Ijumaa, tarehe 8
Nimemwambia shemeji kundi litafika saa nne. Linafika saa moja. Uongo mwembamba tu. Kanishukuru, masikini. Nimezunguka nyumba mara sita, mke wangu kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi, tarehe 9
Tumeondoka saa moja na robo, mimi mbele. Walitaka kusimama kwenye viboko. Nikawaambia viboko wapo kila siku. Wakaona ndege aina ya mwari wametanda majini, weupe, wengi ajabu. Nikawaambia twendeni, hao ni wa kawaida. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mwenye fimbo, akasema ametembea miaka sabini bila kukimbizwa hivi. Daraja hilo! Nikageuka, nikatembea kinyumenyume kama viongozi wa kweli, nikanyoosha mkono nyuma yangu nikatangaza korongo.

Nikatumbukia.

Mvua ilikuwa imekata njia. Bonde limechimbika kunizidi kimo, tope hadi kiunoni. Wastaafu kumi na wawili wakanichungulia kutoka juu. Mama mwenye fimbo akatikisa kichwa, akasema huyu alikimbia somo la ngeli. Shemeji, aliyekuwa kwenye doria yake, akasikia kelele akaja na kamba. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema tu, “Shemeji, angekuwa ndege ningeandika mkubwa.”

Kisha akawarudisha kwenye mwari, wakakaa nao saa mbili nzima. Makofi nimeyasikia nikiwa langoni, najikwangua tope.

Jumapili, tarehe 10
Mkuu kaona wino mwekundu kwenye daftari. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Nafasi kapewa shemeji. Nimeumia, nisidanganye. Mke wangu kanifulia suruali, kisha kaenda kumpongeza kaka yake.

Jumatatu, tarehe 11
Nimekuta kikaratasi cha Mkuu kwenye stuli: “Kesho kaa langoni. Ni nafasi yako ya mwisho.”

Zamani ningedhani naamriwa kukaa. Mjinga! Sasa nimeshajua maneno ya ofisi hii yana sura mbili. Kaa ni kaa, yule mwenye magando. Kesho kutakuwa na kaa langoni, na Mkuu ananipa nafasi ya mwisho ya kuwaonyesha wageni! Moyo wa mtu huyu, sikuujua. Nimetazama langoni pote, sijaona hata mmoja. Bila shaka wako kwenye mtaro, kule ng'ambo ya matete. Kesho alfajiri naliacha lango nawafuata, nikichelewa wageni watasubiri. Ndoo nimeazima kwa shemeji. Kauliza ya nini, nikamwambia atajionea mwenyewe.