Bima ya Kuachwa Yatafuta Mtandao

Habari iliyowasha moto asubuhi ile ilitoka redioni, pale kwenye kibanda cha kahawa: bwana harusi mmoja katoroka ukumbini muda mfupi kabla ya kiapo, kapitia dirisha la jikoni, na kwa sababu ambazo hata mtangazaji hakuzielewa, kaondoka na spika moja ya mpiga muziki.

"Moja tu?" akafoka Kiberiti, fundi simu ambaye huwaka kabla hujamaliza sentensi. "Mtoro gani anabeba spika moja? Si atasikia nusu ya wimbo!"

"Wewe umeona spika, hujamwona bibi harusi," akasema Mama Sentimita, huku akitoa pini mdomoni. Alishona magauni ya harusi mlango wa pili, na kila harusi iliyovunjika aliipokea kama msiba wa nyumbani kwake. "Lile gauni sasa litavaliwa wapi, sokoni?"

Aliyefurahi ni mmoja tu, Fidia. Aliruka kutoka kwenye benchi nusura amwage kahawa ya watu.

"Mnaona? Si mlinicheka? Haya, chekeni tena!"

Fidia alikuwa wakala wa bima. Wenzake wakihangaika na magari na nyumba, yeye aliibembeleza kampuni yake ndogo mpaka ikakubali kuuza bima ya uchumba. Unalipia, mchumba akikukimbia unarudishiwa gharama za ukumbi, gauni na machozi. Machozi aliyaongeza yeye mwenyewe. Kampuni ilikuwa bado inajadili namna ya kuyapima.

Shida ilikuwa kuwapata hao wachumba. Bosi wake alimtaka achague, leo hii hii, mtandao wa wapigadebe: watu wanaoitangaza bima kwa kutumia kiungo chao cha simu, na mteja akinunua kupitia kiungo hicho, mpigadebe anakula kamisheni. Mitandao miwili ilikuwa kwenye majaribio tangu alfajiri. Mmoja kauleta Kiberiti, mwingine Mama Sentimita.

"Wa kwangu una watu kama mchanga," Kiberiti akatamba. "Huyu anauza viatu, yule dawa ya kupunguza tumbo, mwingine anafundisha paka kuogelea. Wote wanakutangaza kwa mpigo!"

"Mfundisha paka anamjua mchumba gani?"

"Kwani wenye paka hawachumbii, mama?"

"Na mtu akibofya leo akanunua wiki ijayo?" Fidia akauliza.

"Mtandao unamkumbuka mwezi mzima."

"Mwezi mzima!" Shemeji, mwenye kibanda, akaguna huku akimimina kahawa. "Kuna watu hapa hawakumbuki walichoahidi jana."

Fidia akacheka kuliko wote. Hakuona kwamba wenzake walikuwa wameinamia vikombe. Huyo Shemeji alikuwa mchumba wake, na uchumba wenyewe ulikuwa umekaa sana, kiasi kwamba jina hilo la marafiki wa Fidia lilimganda, na wateja wageni walidhani Shemeji ndilo jina la kibanda.

"Na wa kwako, Mama Sentimita?"

"Wa kwangu mdogo. Mafundi cherehani, waoka keki na washereheshaji. Hatuna kelele."

"Sasa bibi harusi anajaribu gauni, utamwambiaje kwamba huenda ataachwa?"

"Simwambii. Namfunga zipu, namuuliza, mwenzio yuko wapi leo? Akinyamaza, namtumia kiungo."

Kabla Fidia hajaitafakari hiyo, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Mtandao wa Kiberiti! Watu wanabofya kama wanagombea sukari. Kiberiti akacheza mpaka kandambili ikamtoka mguuni.

"Soma, soma!"

Fidia akasoma. "'Nina wachumba watatu, kuna punguzo?' 'Mume wangu wa miaka kumi bado anahesabika mchumba?' 'Mchumba wangu hajui kwamba ni mchumba wangu, naruhusiwa kujiunga?'"

"Soko hilo!" Kiberiti akapiga kofi. "Soko halina maswali ya kijinga!"

Hapo wakatokea vijana wawili, mvulana na msichana, wameshikana mikono, wamevaa mashati yanayofanana.

"Samahani jamani, ndiyo hapa pa Achwa Ulipwe?"

Kahawa ikampalia Fidia. "Achwa nini?"

Msichana akamwonyesha simu. Chini ya picha ya paka aliyelowa, tangazo limeandikwa kwa herufi nene: ACHWA LEO, ULIPWE LEO!

"Tumekuja kuachana, kaka," msichana akasema kwa furaha. "Tunalipia sasa, tunaachana jioni, kesho tunarudiana."

"Anayelipwa ni aliyeachwa peke yake," Fidia akasema, akidhani atawavunja moyo.

Wapenzi wakatazamana.

"Basi niache mimi," akasema mvulana.

"Kwa nini wewe? Niache mimi!"

"Haya, nimekuacha."

"Eti? Mara moja hivyo?"

"Si umesema nikuache?"

"Nimesema, ndiyo! Lakini umekubali haraka mno! Kumbe ulikuwa nalo siku zote!"

Pete ikavuliwa, ikarushwa, ikatumbukia kwenye kikombe cha Kiberiti. Huyu akashika njia ya kushoto, yule ya kulia, wote wanalia. Fidia akachovya vidole kikombeni, akatoka mbio na pete inayochuruzika kahawa.

"Subirini! Mnaachana bure! Hamjalipia hata bima!"

Hilo ndilo lililowasimamisha. Kuachana bure waliona ni hasara. Wakarudi, wakavishana pete, wakaondoka wakinusana vidole.

Fidia akarejea anahema. "Kiberiti, mtandao wako unanitafutia watu wanaotaka kuachwa. Mimi nataka wanaoogopa."

Simu ikalia tena. Safari hii mlio ulikuwa tofauti: mteja amelipia. Kupitia kiungo cha Mama Sentimita!

"Mteja wa kwanza!" Fidia akapaza sauti. "Mwanamke. Kazi yake, biashara ndogo. Kazi ya mchumba wake..." Sauti ikashuka. "Wakala wa bima."

Mama Sentimita akarudisha pini mdomoni.

"Mawakala tuko wengi," akasema Fidia. Shemeji alikuwa akifuta kikombe ambacho kilishakauka zamani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mpenzi, mimi siwezi kukuacha!"

"Basi kampuni yako imepata faida." Hakuinua macho. "Mara ya kwanza ulisema tungoje mvua ziishe. Ya pili, tungoje mvua zianze. Nimesoma masharti uliyoandika kwa mkono wako: akiahirisha mara tatu, anahesabika ametoroka."

Fidia akafungua mdomo aseme wangoje biashara isimame. Akaufunga. Aliona Shemeji bado anafuta kikombe kile kile kikavu, na kwa mara ya kwanza akatambua kwamba mwanamke huyu alikuwa akiogopa kweli.

"Mwezi ujao," akasema taratibu. "Jumamosi ya kwanza. Mvua inyeshe, isinyeshe."

Shemeji akageuka upande wa jiko, mabega yakicheza. Alipogeuka alikuwa anacheka na macho yamelowa.

Mama Sentimita alikuwa ameshamzungushia Fidia tepu kifuani. "Nyoosha mikono. Kamisheni nimeshakula, tuongee suti."

Simu ikaita, bosi. Kiberiti akaipokea.

"Ndiyo, bosi. Kachagua ule wa mafundi cherehani... Hapana, hawezi kuongea sasa hivi. Wamemkamata."