Uso wa Ersilia Kwenye Roshani

Jumapili, 13 Agosti
Ersilia wangu anakuja! Kapiga simu kutoka Roma. Jumatano tutasimama roshani, mimi naye bega kwa bega, tuione sanamu ya Mtakatifu Roko ikipitishwa mtaani. Mimi niliyeishia darasa la tano nimezaa mtu ambaye uso wake unajaza ukuta mzima wa sinema. Na juu ya hayo ana kiwanda cha sabuni ya zeituni, wanawake arobaini wanapata riziki humo.
Tatizo moja. Kila mwaka wabebaji wa sanamu hupumzika chini ya roshani ya Addolorata, jirani wa ng'ambo ya barabara. Ati shuka lake la hariri analotandaza roshani siku ya sikukuu halina mfano. Mwaka huu watapumzika kwangu.

Jumatatu, 14 Agosti
Nimempelekea Oronzo, mkuu wa wabebaji, sinia la biringanya za kuoka na jibini. Kalimaliza. Kisha kaniambia wapi pa kupumzika huamua mabega, si tumbo. Mlafi yule!
Basi, mpango wa pili. Shuka sitandazi. Nimeagiza kwa mchapa mabango picha ya Ersilia, ile ya tangazo la sabuni. Mita nne kwa nne.

Jumatano, 16 Agosti
Picha imefika. Jicho moja tu pana kuliko meza yangu! Nilikaa sakafuni nikalitazama, machozi yakanitoka. Hili nimelizaa mimi? Mimi na mchapa mabango tukaifunga roshani kwa kamba.
Ersilia kaingia, ndani giza. Picha imeziba roshani yote. Akauliza tutasimama wapi. Hilo sikulifikiria. Nikamtuma kwa Addolorata asikose baraka. Mimi nibaki nishike kamba, upepo ulishaanza.
Bendi ikaja, ikanyamaza. Wabebaji wamesimama! Nikachungulia kwenye tundu la kamba. Sanamu iko kwa Addolorata, Oronzo kavua kofia. Ersilia yuko juu pale, na wala hamtazami mtakatifu.
"Mama," aliita, "toka nyuma ya uso wangu nikuone."

Alhamisi, 17 Agosti
Karudi Roma. Kanisihi mwakani tutandaze shuka la marehemu bibi yake tu, tusimame sisi wawili. Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa roshani. Mwakani picha itafungwa kwa Addolorata, sisi tuitazame kutoka kwetu.
Biringanya za kumlainisha Addolorata nimeshazitia chumvi.