Ndoa Iliyofichwa Ndani ya Kilio

Jumatatu, 8 Machi 1999
Amri mpya toka kwa Mama Christiane, mwenye duka tunapopiga barua na kadi za watu hapa Likasi. Kompyuta ni moja, inaamka kwa mifumo miwili, unachagua mmoja: Windows yangu, na Linux ya Damas, mwenzangu wa kazi, aliyoileta toka Lubumbashi ndani ya CD na kuringa nayo kama ubatizo wa pili. Windows haioni mafaili ya Linux. Basi Damas kakata sehemu ya katikati ya diski, D, inayoonekana pande zote mbili. Kazi zote za wateja humo, tayari kuchapwa. Umeme ukirudi, aliye kwenye kiti achape.
Halafu Mama kasema duka halituwezi wawili. Kadi za ndoa ya Michelle, binti wa Mama Émérence, ndizo zitaonyesha nani abaki. Ni mteja wangu!

Jumanne, 9 Machi
Damas ataiba maua yangu, yale ninayochora kwenye kadi. Namjua! Juzi yalitokea kwenye kadi za kwaya yake. Eti Roho kamwonyesha. Aka!
Nimepata dawa. Damas anaogopa mauti. Jeneza likipita anageukia ukuta. Faili la ndoa nimelipa jina KILIO, kama tangazo la msiba. Nani ataligusa? Nimecheka peke yangu hadi Mama kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 11 Machi
Umeme hakuna. Naenda Kambove kwa shangazi, kutafuta unga. Sina wasiwasi.

Ijumaa, 12 Machi
Yee, mama yangu! Nashuka teksi-basi, nakuta mikeka imetandikwa mbele ya duka, wanawake wanalia. Nikalia nami, kwa nguvu, ndipo nikauliza nani kafa. Michelle, wakasema.
Kumbe umeme ulirudi asubuhi. Damas kaona KILIO. Na kilio hakingoji, kinapita mbele ya kazi zote. Katia karatasi zenye ukingo mweusi, kachapa bila kulifungua faili, uso ukutani. Mama Émérence kaja kuchukua kadi, kakuta jina la mtoto wake ndani ya weusi. Kaanguka.
Michelle mwenyewe kapita, anatoka kusuka nywele. Kauliza nani kafa. Watu wakakimbia, mikeka wakaiacha.
Mama Christiane kaniambia: “Kazadi, weye ukiharibu tena, utaenda kuchimba mawe.” Kadi kampa Damas azichape upya. Na maua yangu!

Jumapili, 14 Machi
Nimepewa nafasi ya mwisho. Kilio cha kweli: mzee Lambert wa Kakanda, Mungu amlaze. Familia yake inachukua matangazo kesho.
Kosa langu nimelielewa. Lile jina lilikuwa na haraka mno. Safari hii faili la mzee nimelipa jina tulivu, lisilomsukuma mtu: NDOA. Liko ndani ya D.
Asubuhi zamu ni ya Damas. Kadi za Michelle hazijaisha, umeme ulimkatikia katikati. Karatasi zake za rangi ya waridi bado zimo ndani ya mashine. Aendelee nazo tu, maskini. Mimi nitalala.