Nyonga ya Chuma na Mafiga ya Mama

Jumatatu, 3 Agosti 1987

Mama anatoka hospitali Ijumaa na nyonga mpya. Ya chuma, ati. Nimemuuliza nesi kama inashika kutu, na kama baridi ya Julai huingia ndani. Alinitazama sana. Kisha akasema niende nyumbani nikatayarishe: kiti cha juu, kitanda cha juu, choo cha kukaa, mikeka yote itoke sakafuni. Mama akikaa chini sana au akijikunja, nyonga itachomoka, apasuliwe tena.

Kingori, ndugu yangu mdogo, alikuwa amesimama pale akisikiliza. Anataka Mama apone kwake. Anajifanya ni huruma. Lakini Nyange, ng'ombe wa gredi wa Mama, mwenye maziwa mengi, atakaa palipo na Mama. Mimi hata sijamfikiria huyo ng'ombe. Zizi lake nimemaliza jana.

Jumanne, 4 Agosti

Wachuka, mke wangu, alisema nirudi hospitali nimpime Mama kutoka goti hadi unyayo kabla ya kukata mbao. Mbali kote huko? Kamba ya kupimia ilikuwa mkononi. Nikajipima mwenyewe. Damu ni moja.

Kiti tayari. Kitanda kiko juu ya matofali. Chooni nimejenga sanduku lenye tundu, nikalijaribu, nikakaa mpaka Wachuka akaja kuniita. Kwa nini tumechuchumaa miaka hii yote?

Wachuka anasema mimi ni mrefu na Mama ni mfupi. Huyu hupenda kuokota vitu vidogo.

Alhamisi, 6 Agosti

Mama atapikaje? Hawezi kuishi bila kupika, na jikoni kwake hukaa kwenye kigoda, magoti karibu na masikio. Hiyo nyonga si itaruka!

Leo nimeng'oa mafiga yake matatu, nikayaleta jikoni kwangu, nikayapanga juu ya jukwaa la mawe na udongo. Atapika amesimama. Kingori hawezi kuwaza hivyo hata akifunga kula. Wachuka alishika mdomo. Akasema mafiga ya mwanamke hayaguswi mwenyewe akiwa hai. Nikamwambia nyonga za chuma pia hazikuwa desturi.

Ijumaa, 7 Agosti

Mama alifika na magongo. Akakalia kiti changu, miguu ikaning'inia. Akacheka, akauliza kama atapewa ngazi. Wanawake wa kanisa nao wakaja kumpokea na kuni mgongoni, wakazitua zote kwenye kijia nilichosafisha.

Halafu akaona mafiga. Kicheko kikakatika. Akauliza polepole ni nani amemzika. Akasema anaenda kwa Kingori, yule mvivu ambaye angalau hajagusa kitu.

Niliumia, sifichi. Nilitaka apone. Ng'ombe pia, haya, lakini nilitaka apone.

Nikabeba figa mbio nilirudishe kwake kabla hajatoka. Nikajikwaa kwenye kuni. Mguu ukalia kacha.

Jumapili, 16 Agosti

Niko kitandani, plasta hadi paja. Kitanda kinanitosha. Kiti kinanitosha. Choo, usiseme. Nilimwambia Wachuka vipimo vyangu vilikuwa sahihi, naye akatoka nje kucheka.

Mafiga yamerudi mahali pake, Mama mwenyewe akielekeza. Anakaa kwa Kingori, ambaye alimpima kwanza ndipo akakata mbao. Bahati ya wavivu.

Leo Mama alikuja pole pole kwa magongo, Wachuka akimbebea kibuyu cha maziwa ya Nyange. Akazunguka nyumba nzima akiangalia. Akasema nimeitayarisha vizuri sana, ilikuwa inangoja tu mgonjwa wake. Alicheka mpaka machozi. Kisha akaniinua kichwa, akanipangia mto, akaninywesha maziwa kama zamani. Nikamuuliza kama chuma kinasikia baridi. Akasema kinasikia wajinga.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Zizi la Kingori lina hori ya chini sana. Nyange anajikunja akila, na ng'ombe pia ana nyonga. Mguu ukipona nitampelekea hori ya juu, nione kama Mama hatanirudia.

Kumpima Nyange hakuna haja. Nimemwita Wachuka aniletee kamba hapa kitandani.