Ndege Hawasikii Pilipili

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya wakwe, na mpaka dakika hii sielewi kosa lilianzia wapi. Nimejifungia chumbani. Naandika huku namsikia shangazi anaosha vikombe kwa hasira.

Ngoja nianze mwanzo.

Naishi Agincourt, hapa Toronto, kwenye besimenti ya bibi mmoja wa Kizungu anayeitwa Bi Doris. Juu anakaa yeye, chini nakaa mimi, uani wanakaa ndege wake. Mwezi huu amekwenda kwa binti yake Vancouver, akaniachia kazi moja tu: kulisha ndege. Mtini kuna bomba la plastiki lenye vitundu. Unajaza nafaka, ndege wanakuja wanadonoa. Sharti ni moja: ndege wale, kindi wasile.

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Kindi wamekosa nini?"

"Ni wezi," akasema.

(Sijaona ndege hata mmoja akiomba ruhusa. Lakini nyumba ni yake, nikanyamaza.)

Sasa mimi ni mtoto wa Dodoma. Utoto wangu wote umeishia shambani nikiamia ndege. Kutwa nzima na kombeo, napiga debe, napiga makelele, uwele usiliwe. Leo nimevuka bahari, nina shahada, halafu natumwa dukani kununua uwele niwapelekee ndege! Shangazi Yudita, dada yake baba, amekuja kunitembelea. Siku ya kwanza aliponiona najaza lile bomba alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Wewe si ndiye niliyekuchapa kwa kulala shambani, ndege wakamaliza uwele?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Na leo unawaandalia meza?"

"Huku ndiyo desturi."

"Desturi!" akasema, akarudi ndani. Hakunisemesha mpaka jioni.

Tuje kwa kindi. Kindi wa hapa ni weusi, wanene, na hawana haya. Kuna mmoja nimempa jina la Meneja, maana anakuja anapotaka, anakula, anaondoka bila kuaga. Ananing'inia kichwa chini miguu juu, anajimiminia nafaka mdomoni. Nikapaka waya unaoshikilia bomba mafuta ya kupikia. Akateleza, akaanguka, akalamba mafuta miguuni, akapanda tena. Nikatoka na ufagio. Akanitazama tu, anatafuna. Mwisho akaingia kwenye banda la uani akautoboa mfuko mzima wa akiba.

Jana nikaenda kushtaki dukani. Muuzaji akanionyesha mfuko mpya: nafaka iliyotiwa mafuta ya pilipili. Kindi akila, mdomo unawaka moto, harudi.

"Na ndege je?"

"Ndege hawasikii pilipili."

"Hawasikii?"

"Hawasikii kabisa."

(Mtu akishavaa sare ya duka mimi huwa namwamini.) Nikanunua. Bombani bado kulikuwa na nafaka ya zamani, kwa hiyo ile mpya sikuitia. Bandani sikuthubutu kuiweka, Meneja angetoboa tena. Nikaiweka jikoni, kabatini, pembeni ya unga wa sembe. Akili nyingi!

Sasa leo. Neema ni mchumba wangu. Baba yake, mzee wa Mwanza anayekaa Brampton, mji wa jirani, alisema kabla hatujapeleka posa anataka kuja mwenyewe aone kijana anaishije. Mzee huyo hana maneno. Kwenye simu nikimwamkia ananiitikia "marahaba," kisha ananyamaza mpaka natokwa jasho. Na ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema ndiyo, naoa. Akisema hapana, mtanikuta hapahapa nalisha ndege.

Asubuhi shangazi akanigawia kazi. "Wewe safisha nyumba. Jikoni niachie mimi. Mgeni mzito kwetu anapokelewa kwa uji wa uwele." Kisha akashusha sauti. "Tena leo nimefunga, nakuombea. Sili wala sinywi mpaka jioni."

Niliguswa kweli. Nikasugua choo kwa moyo wangu wote. Huku nyuma nasikia blenda inasaga. Nasikia shangazi anapiga chafya, nyingine, nyingine tena. Nikasema moyoni, maskini, baridi ya huku imeshampata.

Wageni wakafika. Baba Neema kwenye suti, Mama Neema na kilemba chake, Neema nyuma yao ananikonyeza nisiogope. Shikamoo zikapita, viti vikatosha. Shangazi akaleta uji, mzito, wa moto, unanukia maziwa. Mimi nilikuwa mhudumu, nimeshika sinia, kwa hiyo sikuketi wala sikuonja.

Baba Neema akapiga funda la kwanza. Akatulia. Akakitazama kikombe. Akamtazama shangazi. Akanitazama mimi. Akapiga funda la pili.

Mama Neema akaonja kidogo, akakiweka kikombe chini taratibu, akaanza kusifia mapazia. Neema akanywa, macho yakajaa machozi. (Nikadhani ni furaha. Ndiyo, nilidhani ni furaha! Na mimi machozi yakanilengalenga.)

"Uji una tangawizi," akasema Baba Neema. Sauti ilikuwa imekauka.

"Hapana, baba. Sikutia tangawizi," shangazi akajibu.

"Basi pilipili manga."

"Wala. Uwele mtupu, maziwa na sukari."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu anayejishuku afya yake. Akatoa leso, akafuta paji la uso, akafuta upara, akafuta shingo. Lakini ni mtu wa heshima zake, hawezi kuacha uji wa ukweni. Akapiga mafunda mpaka chini. Shangazi alipoona kikombe kitupu akafurahi mno. Akakijaza tena.

"Baba, uko okei?" Neema akauliza.

"Niko sawa."

Hakuwa sawa. Akaniomba maji kwa kidole.

Nikakimbilia jikoni. Juu ya meza nikaukuta ule mfuko, umefunguliwa, umefika nusu. Una picha ya ndege anachekelea, na kindi anatoka moto mdomoni.  Nikamwita shangazi, tukanong'ona.

"Shangazi, uwele umeutoa wapi?"

"Si huo hapo. Nimeupeta, alizeti nimezitenga, nikausaga. Mzuri, ila una vumbi linawasha pua."

"Shangazi, hiki ni chakula cha ndege! Hukuona picha ya ndege?"

"Unga wa kwetu una picha ya twiga. Ulishawahi kula twiga?"

Nikamwonyesha yule kindi wa kwenye picha. 

"Lakini kina pilipili!"

"Acha uongo. Nani anatia pilipili kwenye chakula cha ndege?"

"Ndege hawasikii pilipili!"

Hapo sikunong'ona. Hapo nilipiga kelele. Na besimenti yangu haina mlango kati ya jikoni na sebule.

 Halafu sauti ya Baba Neema ikatoka sebuleni, imekwaruza.

"Umewauliza?"

Nikatoka, nikajieleza. Kosa jingine. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Nikamwambia habari za Bi Doris, za bomba, za Meneja, za mafuta ya kupikia. Mama Neema alishajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamcheza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani anayekusudiwa kuungua ni kindi."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo mimi ni kindi?"

"Hapana, baba!"

"Basi mimi ni ndege?"

"Hapana, baba!"

"Sasa katika habari hii mimi ni nani?"

Jamani, nikamgeukia shangazi. Naye, badala ya kuniokoa, akauliza kama wanataka kuongezewa sukari.

Mzee akainuka, akasema anatafuta hewa. Nikamfuata uani na bilauri ya maziwa. Na nani tunamkuta? Meneja. Kichwa chini, miguu juu, mashavu yamejaa.

"Huyo ndiye mwenyewe?" mzee akauliza.

"Ndiye, baba."

"Mbona haungui?"

Nilitamani kudanganya. Nikashindwa. "Ile ya pilipili nilikuwa sijaitoa nje, baba. Anayokula yeye ni ile tamu."

Mzee akamtazama kindi. Kindi akamtazama mzee, anatafuna. Mimi katikati, nimeshika maziwa.

"Kwa hiyo Toronto nzima," mzee akasema polepole, "aliyelishwa pilipili ni mimi peke yangu."

Akayanywa maziwa yote. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Wenzake huyu ndio waliomaliza nyanya zangu zote kiangazi." Akaenda kwenye gari. Hakuaga. Neema alinipungia mkono dirishani, bado anafuta machozi (safari hii sikudhani chochote).

Sasa hivi ameniandikia: "Baba hajaongea njia nzima. Tumefika nyumbani, ameuliza kitu kimoja. Ule mfuko unauzwa duka gani?"

Hiyo ni ndiyo au hapana? Wenye uzoefu wa wakwe nisaidieni, mimi nimechanganyikiwa. Kwa ajili ya nyanya tu? Au anataka kuniandalia uji siku ya posa? Wa kucheka mkachekee kwenu, hapa kuna mtu ana maumivu.

Shangazi amegonga mlango. Anasema nisikate tamaa, kesho atafunga tena kuniombea jibu jema. Nimemwambia ahsante shangazi, funga tu, ila usipike.