Kamera ya Zamani na Ng'ombe Aliyeanguka Korongoni

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baridi ya mlima. Nimechoka na wiki haijaanza. Irene, binti yetu wa Arusha, ametuma kamera mpya, spika mpya na kengele mpya ya mlangoni, vyote vya kuunganisha na simu. Vya zamani anavitaka virudi kwa basi la Ijumaa, akampe fundi anayekusanya vifaa chakavu. Maelekezo kurasa nne! Nisivichome. Nisivitupe chooni. Nisimpe mtu kabla ya kufuta kila kitu kilichomo. Kurasa nne, kwa ajili ya takataka.

Mama yake, Bernadina, amefurahi. Kamera mpya iko tayari bandani, na kuku wake anawatazama kwa simu hata akiwa kwenye mikutano. Mikutano anayo mingi. Ni mwenyekiti wa akina mama kigangoni.

Huko kigangoni ndiko shida yangu ilikoanzia. Jubilei ya Padre ni mwezi wa saba. Kila nyumba yenye ng'ombe wawili itoe mmoja. Tulikuwa nao wawili: dume langu Komando, na Faraja, mtamba ambaye Bernadina aliachiwa na marehemu baba yake. Mwezi wa pili nilimpeleka Faraja kwa Mzee Gidahosh, kijiji cha Gehandu, amfiche. Bernadina nikamwambia ameanguka korongoni, fisi wamemmaliza. Ukweli nisingeweza kumwambia. Mama huyu hamdanganyi Padre hata kwa viboko. Jubilei ikipita, Faraja atafufuka kwa namna fulani. Namna yenyewe sijaipata.

Jumanne, 3 Juni
Nimechoma spika pamoja na mabua. Ilitoa moshi, ikafoka, ikalipuka! Nyusi za kushoto zimekwenda. Jirani Hhando alikuja mbio, akauliza kama ni bomu. Nikamwambia nakaanga bisi. Akatazama majivu, akatazama uso wangu, akasema bisi za nyumba hii ni kali. Kesho habari itakuwa Katesh mjini.

Jumatano, 4 Juni
Akili imefanya kazi, ingawa kwa kujikokota. Gidahosh amekuwa akilalamika kwamba analisha ng'ombe wa mtu bila hata asante. Nimempelekea kamera ya zamani. Ina sola yake, ina laini yake, na bando la mwaka mzima Irene alishalipia. Tumeifunga kwenye nguzo ya zizi, inatazama mifugo yote. Mzee amefurahi, kanipa maziwa.

Kufuta? Kufuta kunataka nenosiri. Nenosiri analo Irene. Kumuuliza Irene ni kuomba hotuba. Nimeondoa ile programu kwenye simu yangu, inatosha. Nyumbani nimefika hoi.

Alhamisi, 5 Juni
Bernadina kashika simu tangu asubuhi. Makande hayana chumvi. Baada ya kula akaniomba nimsimulie tena Faraja alivyokufa. Ajabu, miezi minne imepita! Nikasimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Niliongeza mvua, na fisi wa tatu. Akauliza aliangukia ubavu upi. Nikasema wa kushoto. Akasema pole sana, Baba Irene, uliona mengi. Nikamshukuru.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekwisha. Gidahosh kaja kwa bodaboda, hasira tupu. Leo wakati wa kukamua, anasema, nguzo ilimwambia shikamoo mzee. Akaitika marahaba kabla hajafikiri. Nguzo ikauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za malisho. Akajibu zote. Ndipo ikauliza, kwa heshima ile ile, yule mwenye baka jeupe kwenye paji, anayenyonyesha ndama, ni wa nani.

Sauti ya Bernadina! Kumbe kamera ile inapitisha sauti, na bado iko kwenye simu yake, chini ya ile ya kuku.

Nikamuuliza Gidahosh kwa nini hakudanganya. Akanishangaa. Mtu amekuamkia, umeitika, mmeulizana habari zote, halafu umdanganye? Akasema nguzo ile imenishinda adabu. Kisha akadai nauli ya bodaboda.

Na ndama! Hakuwahi kuniambia kuna ndama.

Jumamosi, 7 Juni
Bernadina alikwenda Gehandu na akina mama wawili. Jioni wamerudi na Faraja na ndama, jike, baka jeupe kama la mama yake. Bernadina alimkumbatia yule ng'ombe shingoni akalia, mlangoni kwangu, watu wanaona.

Baadaye akaniambia kwamba kumdanganya Padre ni kati yangu na Padre. Kinachomuuma ni siku ile alipolia kama aliyefiwa na baba yake mara ya pili, na mimi nikamletea maji ya kunawa uso, nikamwambia jikaze. Niliona aibu, kweli. Nimemwapia kwamba sitamficha kitu tena. Akasema sawa, akageukia ukutani.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Wakati wa matangazo Bernadina akasimama. Akasema Mungu ni mwema, Faraja amepatikana, sasa nyumba yetu ina ng'ombe wawili na ndama, kwa hiyo tunamtoa Komando kwa jubilei. Makofi kanisa zima! Padre akanishika mkono, akasema amefurahishwa na moyo wangu. Hhando alipiga makofi kuliko wote. Nitalimia nini?

Jumatatu, 9 Juni
Nimechoka kuliko Jumatatu iliyopita. Jana, baada ya makofi, Padre alitangaza shukrani ya mavuno, mwezi wa nane. Kila nyumba yenye kondoo wawili ilete mmoja. Tunao wawili.

Leo mapema nimempeleka kondoo dume kwa Hhando, amfiche. Bernadina nimemwambia katoroka. Hakuuliza kitu, nashukuru. Irene nitamwambia boksi la vifaa vya zamani limepotelea kwenye basi.

Hhando hafanyi jambo bure, kwa hiyo nimempa kengele ya mlangoni, ile ya zamani. Tumeifunga kwenye mlango wa banda lake. Intaneti yetu inafika mpaka kwake, watoto wake wanaitumia kila siku, na kengele ilipowashwa tu ikatoa taa ya bluu yenyewe. Bado nzima kabisa! Safari hii sikuhangaika na kufuta. Kengele ina nini cha kufuta? Katikati ina kijicho cheusi, kidogo, kinachong'aa. Nadhani ni urembo.